Msafara wa Swala wa Waosmani: Namna ya Kuisoma Picha na Kumtambua Aliye Juu ya Farasi

Farasi, vilemba, manyoya marefu, umati, kuba na minara nyuma, na katikati mtu mmoja aliyekaa wima juu ya tandiko la dhahabu. Jicho hukimbilia uso wake, na hapo ndipo makosa huanzia. Wachoraji wengi wa Ulaya walimwona mtu huyo kwa mbali akipita, au waliichukua sura yake kutoka chapa ya zamani zaidi. Kilemba, hata hivyo, hakikuwa kitu cha kubahatisha. Istanbul, mji mkuu wa dola ya Waosmani, kila ofisi ya dola ilikuwa na kilemba chake, na muuza maji wa mtaani alikijua kama sisi tunavyojua nyota za begani mwa ofisa wa jeshi. Soma vichwa kwanza, uso mwisho.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye picha mbele yake, iwe turubai yenyewe, chapa, au nakala ya kwenye skrini, anayetaka kujibu mambo matatu: ni nani anayepita, ni lini, na wapi. La nne, kama kweli anakwenda kuswali, ndilo gumu kuliko yote na tutalifikia baadaye.

Maandalizi

Pata nakala kubwa. Kuchapa kwenye karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi kunahitaji picha ya pikseli 4,961 kwa 3,508; chini ya nusu ya hapo, manyoya ya kofia huungana na majani ya miti na huwezi kuhesabu chochote. Rijksmuseum ya Amsterdam hutoa bure nakala kubwa za picha za Jean-Baptiste Vanmour, mchoraji wa Valenciennes aliyefika Istanbul mwaka 1699 pamoja na balozi wa Ufaransa na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 1737. Kwa anayejifunza, hazina hiyo haina mfano: Vanmour alimchora kila ofisa peke yake, mmoja kwa picha, kwa hiyo unaweza kuziweka pembeni ya picha yako kama kamusi.

Chapa nakala moja ya rangi na moja nyeusi-nyeupe. Gawa ile nyeusi-nyeupe kwa penseli, miraba 6 kwenda kulia na 4 kwenda chini, uipe kila mraba namba. Utaandika "mraba 14, mwenye kofia ya dhahabu" badala ya "yule wa kushoto kidogo", na mtu wa pili ataweza kukukagua.

Kwanza, hakikisha picha haijageuzwa

Hatua hii hurukwa na wengi, kisha wanashangaa kwa nini msikiti uko upande usio wake. Kinachochongwa kwenye ubao au bamba la shaba hutoka kikiwa kimepinduka kinapopigwa kwenye karatasi, kulia kuwa kushoto. Mchongaji asipogeuza mchoro wake kabla, mji mzima hugeuka. Halafu mchoraji wa miaka sitini baadaye anainakili chapa hiyo kwa rangi ya mafuta, na kosa linapanda turubai.

Kipimo ni panga. Upanga huning'inia nyongani kushoto ili mkono wa kulia uuchomoe. Hesabu watu kumi ambao ala zao zinaonekana wazi. Saba au zaidi wakiwa nazo kulia, pindua nakala yako kabla ya kuendelea. Usihukumu kwa mtu mmoja, maana wapanda farasi wengine hufunga upanga wa pili kwenye tandiko. Kama kuna maandishi ya Kiarabu ukutani au kwenye bendera, hayo yatakuambia haraka zaidi: ukiyasoma vizuri kwenye kioo tu, basi picha imepinduka.

Pili, igawe historia kwa mwaka 1826

Juni 1826 Sultani Mahmud II aliliangamiza jeshi la Janisari. Mwaka 1829 ikaja sheria ya mavazi: maofisa wa serikali waache vilemba na majoho ya kale, wavae tarbushi, na maulamaa peke yao wabaki na kilemba. Kwa hiyo kofia nyeupe ya Janisari, ile ya kitambaa kizito cha sufu yenye mkono unaolala mgongoni kama mkono wa kanzu uliokatwa, ni tukio la kabla ya 1826. Safu za tarbushi nyekundu na makoti yenye vifungo ni baada ya 1828 au 1829. Na dola yenyewe ilikwisha mwaka 1922 usultani ulipofutwa.

Kuna mtego hapa. Wachoraji wa karne ya 19 walipenda kurudisha enzi za Janisari kwa sababu ziliuzika. Kofia huonyesha wakati wa tukio, si wakati wa kuchorwa. Andika tarehe mbili tofauti daima.

Mtego wa pili ni wa baadaye: katika gwaride la Ijumaa la Abdulhamid II, aliyetawala 1876 hadi 1909, walikuwamo askari wa kikosi cha zuhaf waliovaa vilemba. Ukiona vilemba katikati ya makoti ya kisasa usikimbilie kuandika "maulamaa". Angalia kama wamebeba bunduki.

Tatu, vichwa kimoja kimoja

Hapa ndipo pa kutumia muda. Saa mbili kwa picha ya watu arobaini si nyingi.

Anza na manyoya, si vilemba. Tafuta kundi la watu wanaotembea kwa miguu, wamemzunguka mpanda farasi mmoja karibu kabisa, vichwani wana mashungi marefu kiasi cha kumficha nusu. Hao ni solak, walinzi wa sultani wenye pinde. Jina lao kwa Kituruki lina maana ya mtu wa mkono wa kushoto. Karibu nao huwa wapo peyk, wenye kofia za madini yaliyopakwa dhahabu na shoka fupi mkononi. Makundi haya mawili yalikuwa ya sultani. Ukiyaona yamemzunguka mtu, umempata sultani hata kama uso wake umepotea kabisa nyuma ya manyoya. Usipoyaona, kuwa mzito kumwita mpanda farasi sultani, hata awe na dhahabu ya kiasi gani.

Usiwachanganye solak na makamanda wa kati wa Janisari, waitwao çorbacı, yaani wenye supu. Nao wana shungi kubwa jeupe, lakini limetanuka kama mkia wa tausi juu ya kofia, na wao huongoza safu zao mbali na farasi wa sultani.

Kisha tazama kilemba cha mpanda farasi. Sultani huvaa juu yake pambo la kito lenye manyoya, ambalo orodha za makumbusho huliandika sorguç. Waziri mkuu na mawaziri wa juu wa karne ya 17 na 18 huvaa kallavi: kilemba kirefu cheupe, chembamba juu na kipana chini kama mnara uliokatwa ncha, chenye utepe wa dhahabu uliopita kimshazari. Umbo hili likishakaa kichwani mwako, halikutoki. Maofisa wa karne ya 16 wana mücevveze, mviringo ulionyooka kama pipa dogo lililofungwa kitambaa. Maulamaa wakubwa wana örf, mviringo mkubwa uliovimba kama boga. Kilemba cha kijani katika zama hizi za kale ni cha masharifu, na msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa uzito wake.

Lakini usikubali rangi zikudanganye. Vanishi iliyozeeka hugeuza nyeupe kuwa manjano, na kijani kilichotengenezwa kwa shaba na utomvu hugeuka kahawia kwa miaka. Tazama miti iliyo kwenye picha hiyohiyo. Majani yakiwa ya kahawia mahali ambapo yangepasa kuwa mabichi, basi vilemba vya kahawia navyo huenda vilikuwa vya kijani. Andika hivyo, usikisie zaidi.

Nyuma ya sultani tafuta wawili. Mmoja amebeba upanga wa sultani begani: huyo ni silahdar. Mwingine amebeba kilemba mikononi, kilemba kizima kilichofungwa tayari, na hakivai. Watazamaji hudhani ni zawadi au ni cha marehemu. Ni cha sultani, na mbebaji alikiinamisha polepole kulia na kushoto ili kiwaitikie watu salamu kwa niaba ya bwana wake, ambaye mwenyewe alipita bila kutikisika. Farasi waliopambwa vito na wasio na mtu mgongoni, wanaoongozwa kwa hatamu, nao hawajampoteza mpandaji. Ni farasi wa akiba wa fahari, na idadi yao ni sehemu ya heshima. Wahesabu.

Tuseme neno juu ya mtu mmoja ambaye macho yetu Waafrika humwona upesi: mpanda farasi mweusi, kilemba kirefu, joho lenye manyoya ya thamani, karibu sana na kitovu cha msafara. Maandishi mengi ya chini ya picha humwita "mtumwa" na kuishia hapo. Ni kweli kwamba alitekwa na kuhasiwa akiwa mtoto, na ukatili huo haufai kufichwa. Lakini cheo chake ni kızlar ağası, mkuu wa matowashi wa kasri, aliyesimamia wakfu wa Makka na Madina na ambaye mawaziri walimwogopa. Beşir Ağa, mwenye asili ya Uhabeshi, alishika cheo hicho kuanzia 1717 hadi alipofariki mwaka 1746, na aliacha Istanbul madrasa na maktaba kwa jina lake. Vanmour alimchora mwenye cheo hicho peke yake, kwa hiyo unayo picha ya kulinganishia. Mwandike kwa cheo chake.

Kwa picha za tarbushi

Baada ya 1829 kazi hubadilika. Vichwa vyote vinafanana, kwa hiyo unasoma nafasi na usafiri. Chini ya Abdulhamid II sultani alikwenda kwa gari la farasi kutoka kasri la Yıldız hadi msikiti wa Hamidiye uliojengwa 1884 hadi 1886, mwendo mfupi wa kuteremka kilima, askari wamepanga safu pande zote. Ndani ya gari, mzee mwenye ndevu aliyeketi akimkabili sultani kwa kawaida ni Gazi Osman Pasha, shujaa wa Plevna, aliyefariki mwaka 1900. Ukimtambua, picha inaonyesha tukio la kabla ya hapo. Wakati wa kurudi, sultani mara nyingi aliendesha mwenyewe gari jepesi la wazi, na hiyo ndiyo njia nyepesi ya kutofautisha kwenda na kurudi. Ulinzi nao ulikuwa na sababu: tarehe 21 Julai 1905 bomu lililipuka nje ya msikiti huo baada ya swala, na sultani alinusurika kwa kuwa alichelewa kidogo akizungumza na shekhe mkuu.

Fausto Zonaro, Mwitaliano aliyefanywa mchoraji wa kasri mwaka 1896, ndiye wa kumlinganisha kwa sare za miaka hiyo. Alizichora akiziona.

Nne, mahali

Hesabu minara na roshani zake kabla ya kutaja msikiti. Minara sita ni Sultan Ahmed, uliojengwa kuanzia 1609. Minne yenye roshani kumi kwa jumla ni Süleymaniye, uliokamilika 1557. Miwili inaweza kuwa Nuruosmaniye ya 1755 au Ortaköy ya miaka ya 1850, na bahari ndiyo inayokusaidia kuitofautisha: Ortaköy umesimama ukingoni kabisa mwa maji. Aya Sofia ina minne isiyolingana, na mmoja wake ni wa matofali mekundu. Mchoraji aliyeifanya yote ifanane hakusimama pale.

Uwanja wa Atmeydanı, mahali pa mbio za farasi za Warumi, ni zawadi kwa mwenye kutafuta tarehe. Vanmour alimchora waziri mkuu akiukatiza, na kabla yake Pieter Coecke van Aelst alimchora Sultani Süleyman akipita hapo, katika chapa za mbao zilizotolewa mwaka 1553. Katikati ya uwanja ipo nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana. Vichwa vya nyoka hao vilivunjika mnamo 1700. Nguzo yenye vichwa vitatu katika picha ya enzi ya baadaye ina maana mchoraji alinakili chapa ya zamani. Na likionekana hapo jengo la maji lenye kuba la kijani juu ya nguzo nane, ni la Wajerumani, lililofunguliwa Januari 1901. Mbele ya lango kuu la kasri la Topkapı, jengo la maji lenye paa pana lililopambwa ni la Sultani Ahmed III, 1728.

Msafara wa majini husomwa kwa tezi ya mashua: kijumba chenye paa upande wa tezi ni kiti cha sultani.

Tano, kivuli na kibla

Kipimo hiki hutumiwa mara chache, na ni kizuri mno. Swala ya Ijumaa ni adhuhuri. Istanbul, jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo kivuli huanguka kaskazini siku zote. Sisi wa Dar es Salaam na Mombasa tumezoea kivuli kinachohama, huku miezi fulani na kule miezi mingine, basi tujihadhari tusitumie mazoea yetu. Kibla cha Istanbul nacho kiko kusini-kusini-mashariki, tofauti na Unguja ambako tunaelekea kaskazini. Misikiti ya masultani ina ua wa mawe upande ulio kinyume na kibla. Hivyo adhuhuri ya kweli hutupa kivuli cha msikiti juu ya ua. Ukiona ua unawaka jua na ukuta wa mihrabu uko gizani, mwanga huo ulitungwa chumbani.

Urefu nao husema. Mtu aliyesimama adhuhuri ya mwishoni mwa Juni ana kivuli cha kama theluthi ya kimo chake. Mwishoni mwa Desemba ni kama mara mbili ya kimo. Kivuli kirefu kinachoelekea magharibi ni cha asubuhi, na hapo fikiria Idi, ambayo huswaliwa baada ya jua kuchomoza, na msafara wake hukusanya vyeo vyote vya dola. Mchoraji asiyejali kivuli atawapa watu wawili vivuli vya pande mbili. Akifanya hivyo, acha kipimo hiki kabisa.

Sita, maandishi na miaka

Aliyesoma chuoni akiwa mtoto ana faida hapa kuliko wataalamu wengi. Jaribu kuyasoma maandishi ya milangoni. Yakiwa mikwaruzo isiyo na herufi, mchoraji hakujua hati, na huenda alifanya kazi mbali na Istanbul. Mwaka wa Hijria ukiwepo, ugawanye kwa 33, toa jibu kwenye mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Mfano: 1240 toa 37.6, ongeza 622, ni 1824 au 1825. Lakini kuanzia 1840 serikali ilitumia pia kalenda ya Rumi, ambayo unaongeza 584 tu. Namba 1321 kwa Hijria inaanza 1903, kwa Rumi inaanza 1905. Kwa picha za Yıldız tofauti hiyo ya miaka miwili inaweza kulipeleka tukio upande mwingine wa bomu.

Je, wanakwenda kuswali?

Kamwe usiandike "kwenda swala" kwa sababu tu kuna msikiti nyuma. Istanbul ukigeuka kokote kuna msikiti. Ngamia aliyebeba kijumba cha kitambaa kilichotariziwa ni mahmal, msafara wa hija. Mikia ya farasi iliyofungwa juu ya miti mirefu ni alama za vyeo, tatu kwa waziri, mbili kwa beylerbeyi (gavana wa jimbo), moja kwa sancakbeyi (mtawala wa wilaya), na ilitolewa hasa jeshi lilipoondoka. Picha 20 alizozileta Sweden balozi Claes Rålamb, ambazo sasa ziko Nordiska museet mjini Stockholm, zina fahari yote ya msafara wa swala, lakini zinamwonyesha Sultani Mehmed IV akiondoka Istanbul kwenda mji wa Edirne mwaka 1657. Na tarehe 12 Mfungo Sita kulikuwa na msafara wa Maulidi kwenda Sultan Ahmed, ambao kwa macho tu ni vigumu kuutenga na wa Idi.

Kinachounga mkono swala ya Ijumaa ni haya yakikutana: kivuli kifupi au cha kaskazini, sultani akiwa na walinzi wa miguu bila silaha nzito za vita, lango la msikiti likiwa wazi mbele ya msafara, na mtu wa kawaida akinyoosha karatasi. Karatasi hiyo ni ombi kwa sultani. Ijumaa ndiyo siku ambayo mnyonge aliweza kumfikia. Tafuta mkono huo pembezoni mwa umati, maana wachoraji waliouona hawakuuacha. Siku hizohizo umati ulimpigia sultani ukelele wa kumkumbusha asijivune, kwani Mwenyezi Mungu ni mkubwa kuliko yeye, jambo ambalo picha haiwezi kuonyesha ila vinywa vilivyofunguka.

Kuandika maelezo ya chini ya picha

Weka kila dai pamoja na ushahidi wake. Mfano wa muundo: "Ofisa wa daraja la waziri (kilemba cha kallavi, hakuna solak) akipita Atmeydanı, Istanbul (nguzo ya nyoka). Tukio baada ya 1700 (nguzo haina vichwa) na kabla ya 1826 (Janisari). Huenda swala ya Ijumaa (vivuli vifupi vya kaskazini)." Neno "huenda" libaki mahali pake mpaka upatikane ushahidi wa pili.

Kabla ya kuirudisha turubai ukutani, igeuze, upige picha mgongo wote: fremu ya mbao, misumari, mihuri ya muuza turubai, vipande vya karatasi vilivyobandikwa. Usibandue chochote hata kiwe kimechakaa. Muhuri wa duka wakati mwingine hutoa tarehe ya kuchorwa ambayo vilemba vyote vya upande wa mbele haviwezi kuitoa.